Nyumba Iliyokuwa Ndani ya Jepeesi

Siku ile naikumbuka mpaka leo, mwanangu. Nimesikia umepata gari, sasa unatafuta jepeesi, kale kamashine ka kubandika kwenye kioo kanakokuonyesha njia. Sikukatazi. Lakini kaa kwanza, soko la Kashikishi halikimbii.

Tulikuwa wageni hapa kambini Mantapala, tumekimbia vita. Baba yako alikuwa amepata kigari kikuukuu cha kubebea samaki, na barabara za huku hazijui. Kibemba, lugha ya huku, kilikuwa bado hakijamwingia. Akiuliza njia watu wanacheka, naye anaona haya. Bon, akaona sokoni jepeesi iliyokwisha kutumika, imetoka kwa mtu wa upande wa kwetu, Kongo. Akaiwasha, ikaongea Kifaransa! Wee, alifurahi kama aliyekutana na ndugu. Hakuuliza ramani yake ni ya wapi. Hakuuliza ilikuwa ya nani.

"Inasema kama sisi," akaniambia, "tunatafuta nini tena?"

Siku hiyo tulienda Chienge kuchukua samaki, sisi wawili pamoja na nkambo yako, mama mzazi wa baba yako, ambaye alitaka tu kuona ziwa. Wewe ulikuwa mdogo, una homa, tukakuacha kwa jirani. Wakati wa kurudi mvua ikatushika, mvua ya kufunga macho, hata pua ya gari huioni. Baba yako akagusa kwenye jepeesi kale kapicha ka nyumba, kalikoandikwa "Maison", yaani nyumbani. Na kweli, mtu anayetaka kurudi nyumbani aguse wapi kama si pale? Ikasema tout droit, moja kwa moja, nasi tukaenda moja kwa moja.

Njia ikawa ndefu. Mvua ilipopungua, nkambo yako akafuta kioo cha dirisha kwa kitenge chake, akatazama nje. Halafu akasema polepole:

"Fidèle, asubuhi tulipokuya, ziwa ilikuwa mukono gani?"

"Kushoto, mama."

"Na sasa?"

Baba yako akageuza shingo. Ziwa lilikuwa kushoto bado. Kama tungekuwa tunarudi Mantapala, tungeliona kulia. Na hapo hapo kamashine kakasema, kwa sauti tamu ya mama wa redio, kwamba tumekaribia kufika nyumbani.

"Nyumbani ya nani?" nkambo yako akapiga kelele. "Ya kwetu iliungua!"

Kumbe ile nyumba ilikuwa ya mwenye jepeesi wa kwanza, kule Pweto, ng'ambo ya mpaka, kule kule tulikokimbia bunduki. Mbele yetu barrière, kile kizuizi cha mpakani, ilikuwa imelala katikati ya njia, na watu wawili wenye makoti ya mvua wanatutazama. Basoda, askari wale, ni wa upande gani, sikujua. Nilikuwaza wewe tu: tukipitishwa pale, nani atamwambia mtoto wangu tuko wapi?

Baba yako akageuza gari, gurudumu likazama kwenye matope, likazunguka bure. Mmoja wa wale watu akaanza kutembea kuja kwetu. Nikashuka kusukuma. Nkambo yako naye akashuka, na magoti yake yale mabovu, akasukuma mpaka viatu vikabaki matopeni. Na ile jepeesi ndani ya gari inaendelea tu kutuita turudi nyumbani. Nakuambia, sijawahi kuogopa sauti kama nilivyoiogopa ile.

Gari likatoka. Yule mtu labda alikuja kutusaidia, hatukungoja tujue. Tulipokuwa tumefika mbali, nkambo yako, miguu mitupu imejaa udongo, akamwambia baba yako:

"Mutoto yangu, ulisikia sauti ya kwetu, ukaamini. Bale batu balichoma nyumba yetu, nabo balisemaka kama sisi."

Baba yako aliendesha huku analia, na mimi nilikuwa nimeushika mkono wa mkwe wangu.

Basi nakuambia, usichague jepeesi kwa sababu ya sauti. Iwashe mbele ya muuzaji, utafute Mantapala, utafute Mwansabombwe, hata kijiji kidogo unachokijua wewe. Isipokionyesha, irudishe mezani, hata akulilie. Uliza kama ramani imo ndani yake au inataka mtandao, maana huko porini mtandao utaupata wapi? Waya wa kuchajia kwenye gari uwepo, na ishike kioo vizuri isije ikakuangukia miguuni kwenye kona. Na kama imetumika, gusa kale kapicha ka nyumba kabla hujatoa hela, uone inataka kukupeleka kwa nani. Futa nyumba ya watu, weka ya kwako. Hata hapo, ukiwa njiani, tazama mwenyewe ziwa liko mkono gani.

Nkambo yako tulimzika hapa hapa Mantapala, unapajua. Jepeesi ikikuuliza nyumbani ni wapi, weka hapa alipolala. Mungu akutangulie barabarani, mwanangu, akugeuze kabla hujafika kwenye barrière, na kila jioni anisikilizishe honi yako mlangoni.