Wageni Wanaotembezwa Utotoni Mwangu

Sisi tuliokulia Nyakabanda, mtaa wa Kigali, kabla mawe hayajapangwa barabarani hatukujua kwamba kuteka maji ni kivutio cha utalii. Tulijua ni adhabu. Ulishuka bondeni na jerekani ya njano, ukapanga foleni nyuma ya wanawake wenye midomo mikali, ukapanda mlima na lita ishirini kichwani, shingo imezama mabegani kama ya kobe. Kifuniko kikipotea, na vifuniko vilipotea kila wiki, uliziba mdomo wa jerekani kwa kiazi kidogo au ndizi mbichi. Haukuzibika vizuri. Maji yalidondoka njia nzima, yakapita nyuma ya sikio, yakaishia mgongoni. Siku hizi watu wanapanda ndege kutoka mbali, wanalipa ili wafanye hivyo hivyo kwa nusu siku, halafu wanaomba wapigwe picha.

Anayewaleta ni mdogo wangu Solange. Nami nina wivu. Naliandika neno hilo mapema ili msomaji wa rika langu asihangaike kulitafuta.

Wazazi wetu walikulia ukimbizini Bujumbura, kwenye mitaa ya Kiswahili, na mimi nilizaliwa huko, ndiyo maana hata baada ya kurudi Kigali tuliongea Kiswahili nyumbani huku majirani wakituchanganyia Kinyarwanda. Baba, dereva wa lori, alifariki kwanza. Mama akafuata kwa ugonjwa nikiwa na miaka kumi na miwili, darasa la sita. Mdogo wangu Desiré alikuwa na minane, na Solange alikuwa bado hajatembea. Shangazi alikuja, akakaa mwezi mmoja, akarudi kwake. Nikafunga daftari. Sare yangu ya bluu niliikunja nikaiweka chini ya godoro, na miaka baadaye nikaikata, nikamshonea Solange ya kwake. Hata kwa sare hiyo nilimwonea wivu. Ilimpendeza kuliko ilivyowahi kunipendeza mimi.

Lakini tuseme kweli, kulikuwa na uzuri. Saa kumi jioni vumbi jekundu la mtaa wetu lilichanganyika na harufu ya mandazi kutoka kwa jirani aliyekaanga kwenye kona, na watoto walitoka kila mlango. Wengine waliruka kamba, wengine wakapiga gololi, wengine wakakimbiza tairi kuukuu la baiskeli kwa kijiti. Viazi vitamu vilichemka kila nyumba kwa wakati mmoja, hata ungefumba macho ungejua ni saa ngapi.

Mama alipokuwa hai alikuwa na amri moja kwangu: "Ukitoka, toka na mdogo wako." Alipoondoka, amri ilibaki. Nilitoka na Solange mgongoni, nimemfunga kwa kitenge cha Mama chenye maua ya zambarau, na kwa hiyo michezo karibu yote ilinipita. Huwezi kuruka kamba na mtoto mgongoni, kichwa chake kinakugonga kisogo. Huwezi kujificha, analia. Huwezi kukimbiza tairi mteremkoni, mkianguka mnaanguka wawili. Nilisimama ukutani nikamtazama Vestine, binti wa jirani, akiruka kamba mpaka mia moja, na nikamchukia kwa moyo wangu wote. Vestine hakunikosea kitu. Alikuwa na mgongo mtupu, basi.

Mchezo mmoja tu ulinipa nafasi. Wavulana walifunga majani makavu ya migomba kwa kamba mpaka yakawa mpira, ule tuliouita karere. Goli lilikuwa mawe mawili, na siku moja mtu aliyekuwa akijenga alichukua jiwe moja. Desiré ndiye aliyetoa wazo.

"Muweke dada pale," akasema. "Yeye hawezi kuondoka."

Nikawa mlingoti wa goli. Mtaa mzima ukaniita Poto, yaani mlingoti kwa Kifaransa chetu, na walioko bado wananiita hivyo. Karere ilinipiga magotini na kifuani, na Solange mgongoni alipiga makofi kwa kila goli, la upande wowote. Wakibishana, walinigeukia: "Poto, imepita ndani ama nje?" Nilisema ukweli siku zote, isipokuwa siku ambazo Desiré hakuwa amekula.

Miaka ikaenda. Nilipata cherehani, nikaiweka kibarazani, na kwa cherehani hiyo Desiré akajifunza useremala na Solange akasoma mambo ya utalii. Siku hizi anakaa Kabeza, karibu na barabara ya uwanja wa ndege, na kazi yake ni kuwatembeza wageni. Siku moja alikuja, akavuta kigoda karibu na cherehani, akanionyesha kwenye simu vitu ambavyo watu wanasafiri kwenda kuviona duniani.

"Angalia, dada. Hii ni hoteli ya barafu. Kitanda barafu, ukuta barafu. Kukiwa na joto inayeyuka yote, wanajenga tena."

"Na mgeni anajifunika nini?"

"Ngozi za wanyama."

"Kwao hakuna blanketi?"

Akanionyesha hoteli iliyokuwa gereza, na wageni wanalala nyuma ya nondo kwa hiari yao. Akanionyesha watu waliozikwa kwenye mchanga wa moto mpaka shingoni, wanatabasamu kama wako harusini. Akanionyesha kijiji ambacho watu wake wengi walihama, na mzee mmoja akajaza nafasi zao kwa wanasesere wa ukubwa wa mtu: mmoja yuko shambani, wengine wanasubiri basi. Mwisho akanionyesha mgahawa ambao watu wanakula kwenye giza totoro. Huko alikuwa amekwenda mwenyewe, ofisi yake ilipomtuma kwenye mkutano Ulaya. Alicheka mpaka machozi akisimulia jinsi alivyoingiza mkono kwenye sahani ya mtu asiyemjua.

"Nyumbani hapa umeme ukikatika ulikula gizani ukiwa na miaka mitano," nikamwambia, "na hukumwaga hata punje ya maharagwe."

Nilisema kwa utani, lakini sindano ya cherehani ilivunjikia kwenye kitambaa. Mimi sijavuka mpaka tangu siku tuliyotoka Bujumbura, nimekaa juu ya magodoro kwenye lori la Baba.

"Hawatafuti starehe tu, dada," Solange akasema. "Wanatafuta maisha yasiyo yao."

"Basi waje wachukue ya kwangu."

Mimi nilitania. Yeye akaandika kwenye simu.

Mwezi haukuisha, akaleta kundi la kwanza uani kwetu. Wageni walibeba jerekani, wakamenya viazi, wakafunga karere, wakakimbiza matairi. Waliongea Kifaransa, na Kifaransa cha darasa la sita hakijanitoka. Nilikuwa nikishona huku nikimsikia Solange akiwaeleza kwa sauti tamu: tulipokuwa wadogo tuliteka maji pale bondeni, yakadondoka mgongoni njia nzima, baridi, matamu, na tulicheka mpaka nyumbani. Wageni wakasema "ooo". Mimi nikashona mkono wa gauni mahali pa shingo.

Walipoondoka nikamwita.

"Solange, hayo maji uliyabeba lini? Ulipofika umri wa kubeba, bomba lilikuwa limeshafika uani."

"Sikusema niliyabeba. Nilisema tuliteka."

"Na hiyo baridi tamu?"

Akaniangalia kama mtu aliyeulizwa jina lake mwenyewe. "Yalikuwa yananidondokea mimi, dada. Nilikuwa mgongoni kwako mpaka nikawa mkubwa, nakumbuka. Nilikuwa nafungua mdomo, nayanywa."

Kama ningekuwa mtu mwema, ningepoa hapo. Sikupoa. Wivu uliongezeka. Tulipanda mlima mmoja chini ya jerekani moja, yeye akatoka na kinywaji, mimi nikatoka na shingo.

Wiki iliyofuata akaja na ombi.

"Dada, wageni wanauliza mama yuko wapi. Nataka ukae pale mlangoni, uvae kitenge, uwafokee kidogo wakichelewa na maji. Wanapenda sana kufokewa."

Nikasimamisha cherehani. "Kazi hiyo nimeifanya."

"Ndiyo maana nakuomba. Unaijua."

"Nimeifanya tangu nina miaka kumi na miwili. Nitafutie nyingine."

"Nyingine gani? Iko mama na iko watoto tu."

"Basi mtoto."

Alicheka, akaona sicheki. "Dada! Una miaka arobaini!"

"Na hao wageni wako wa Jumamosi wana mingapi?"

Wageni wa Jumamosi walikuwa wastaafu. Aliinama, akafuta kioo cha simu kwa kidole ingawa kilikuwa safi. "Mimi nimewaambia utoto wetu ulikuwa wa furaha," akasema polepole. "Wakikuuliza wewe, utasema nini?"

Hapo nikaelewa anaogopa nini. Maneno yangu mawili yangeweza kumharibia kazi. Lakini nilikuwa nimechoka kuona kila mtu anapewa utoto wangu isipokuwa mimi.

"Sijui nitasema nini," nikamjibu. "Nitacheza."

Jumamosi nikavaa raba za Desiré na sketi pana. Wageni sita walishika kila mmoja jerekani yake. Solange akaninyooshea ya saba.

"Sikuja kubeba kitu," nikasema.

Nilishuka bondeni mikono mitupu, nikapanda mikono mitupu, na nikagundua kwamba usipokuwa na kitu kichwani unauona Mlima Kigali wote, kijani mpaka juu. Miaka yote nilikuwa naiona miguu yake tu. Mbele yangu bibi mmoja wa Kanada, nywele nyeupe, alikuwa amelowa mabega na anacheka kila tone. Nikamwonea wivu hata yeye.

Tulipofika juu akaweka jerekani chini, akanigeukia, akauliza jambo kwa Kiingereza, lugha ambayo mimi naokoteza neno moja moja. Solange akanitazama mimi kabla ya kutafsiri.

"Anauliza kama ilikuwa hivi hivi ulipokuwa mdogo," akasema. "Kama ulifurahi hivi."

Macho ya Solange yaliniomba. Niliyajua macho hayo. Ni yaleyale aliyoniomba nayo viatu, kalamu za rangi, ada ya chuo, na sikuwahi kuyanyima kitu. Wageni wote walisubiri. Ningesema "ndiyo", na kila kitu kingebaki kama alivyokipanga.

"Mwambie sijui," nikasema. "Mwambie mimi leo ni mara yangu ya kwanza."

Solange akawageukia wageni. Kisha akaanza kuongea, na aliongea muda mrefu kuliko maneno niliyompa. Nilidaka neno "dada" mara nyingi. Nikamwona akionyesha mgongo wake mwenyewe, halafu akionyesha kimo cha mtoto kwa mkono. Sijui aliwaambia nini hasa. Najua kwamba hakuna aliyesema "ooo". Bibi wa Kanada alikwenda ukutani, akachukua tairi alilokuwa amewekewa yeye pamoja na kijiti chake, akaviweka mikononi mwangu.

Nikalisukuma. Enzi zile tairi lilikimbia kimya juu ya vumbi. Sasa barabara ni ya mawe na tairi linaruka likipiga kelele kama mbuzi aliyefunguliwa. Mara ya kwanza lilinitoroka likaingia dukani. Vijana waliokuwa wamekaa kwenye kona, wale wanaoishi ndani ya simu, wakainuka wote kunirekodi.

"Poto! Iko breki?"

"Wee, toka njiani! Mama anatafuta leseni!"

Nikampa mmoja wao tairi ajaribu, maana alikuwa na mdomo mrefu. Alilishika kama mtu anayetafuta mahali pa kubonyeza. Lilienda hatua tatu likalala. Wenzake wakamrekodi yeye, nikalichukua nikaendelea. Bibi wa Kanada akapewa lingine, akanishinda mara mbili, na nilimwambia waziwazi, kwa Kiswahili, kwamba anadanganya. Solange akaniambia magoti ya bibi yule ni ya chuma, amewekewa hospitali. Nikayaonea wivu magoti.

Enzi zetu mchezo ulikuwa na mwisho uliojulikana. Kina mama walitoka milangoni mmoja mmoja, wakaita, na majina ya watoto yakateremka mtaa mzima: fulani, njoo uoge, fulani, chakula. Aliyeitwa alijibu kwamba anakuja, akaiba raundi moja zaidi, akanung'unika, akaondoka akiburuta miguu, na mimi niliwaonea wivu hata kwa kule kunung'unika. Desiré nilimwita mimi. Mimi sikuwa na wa kuniita, na hata angekuwepo, nilikuwa tayari nimefika nyumbani, nakoroga sufuria. Siku hizi mtaa wetu una mawe safi na taa nzuri, lakini hakuna anayeita. Watoto wako ndani na milango imefungwa. Akitoka mmoja, anapigiwa simu, anarudi kimya, hata jirani hajui kama alitoka.

Jumamosi ile nilikuwa katikati ya mteremko, jasho linanitoka, niliposikia sauti juu. Solange alikuwa amesimama mlangoni, mwiko mkononi, kitenge kiunoni. Hakusema dada, wala Poto. Aliita jina langu, lile nililopewa na Mama, ambalo mdogo hamwiti nalo mkubwa wake, na akalivuta mpaka likafika bondeni.

"Espérance! Eee, Espérance! Njoo ule, chakula kinapoa!"

"Nakuja!" nikapaza sauti, nikaligeuza tairi nikashuka nalo tena, kama walivyokuwa wakifanya wote wale wenye wa kuwaita.