Bi Odessa Alivyoipa Mgongo Video Yangu

Jumamosi ile Bi Odessa aligeuza kiti, akaipa mgongo video yangu, akasema, "Haya, washa."

Nikamwambia, "Bi Odessa, kioo cha kompyuta kiko huku."

"Najua kilipo. Washa."

Mimi ni Verlene Stubbs, nafundisha darasa la nne hapa Mississippi, mwaka wa kumi na saba huu. Kuna cheti cha juu cha ualimu ambacho ili ukipate unajirekodi ukifundisha, robo saa mfululizo bila kukata hata sekunde, kisha unaandika kwa nini ulifanya ulichofanya. Watu usiowajua wanakaa mahali usipopajua, wanakupa alama.

Nilikuwa nimechemka mara mbili. Hii ya tatu ndiyo ya mwisho, sheria haina ya nne. Na mji mzima ulijua, maana mara ya kwanza nilijitangaza mshindi kanisani kabla majibu hayajatoka.

Bi Odessa Crumpton ndiye alikuwa msaidizi wetu. Mwalimu mstaafu, cheti hicho anacho tangu mimi niko chuo. Kila Jumamosi asubuhi alitukusanya walimu wanne kwenye maktaba ya shule. Msaidizi haruhusiwi kukuandikia hata koma. Kazi yake ni kuuliza, na yule mama alikuuliza mpaka ukatamani ungesomea useremala.

Nikawasha. Somo lilikuwa theluthi na robo, ipi kubwa. Watoto wamekaa sawa, mikono juu, mimi natabasamu kama mgombea udiwani.

Dakika ya tisa akainua kidole. "Simamisha. Nani huyo ameuliza?"

"Ameuliza nini?"

"Rudisha nyuma, usikie."

Nikarudisha. Kwa mbali ikaja sauti ya mtoto wa kike: "Mwalimu, kama robo ni ya pai kubwa, na theluthi ni ya pai ndogo, bado theluthi inashinda?"

Halafu sauti yangu, tamu kabisa: "Vizuri sana, mpenzi. Tuendelee."

Nilitaka kuingia chini ya meza.

"Ni Zaniyah," nikasema. "Haonekani kwenye picha."

"Wazazi wake hawakusaini fomu?"

Watoto ambao wazazi wao hawajasaini ruhusa ya kurekodiwa ni lazima wakae kamera isipofika. Uongo ulikuwa mezani, umeshapikwa, ni kula tu.

"Walisaini. Wa kwanza kabisa."

"Sasa?"

"Anauliza sana, Bi Odessa. Niliogopa ataniharibia."

Hata hakugeuka. "Na alikuharibia?"

Hapo nikalia, mtu mzima na miaka yangu.

Nilipopenga kamasi nikamuuliza kama nirekodi upya, maana mwisho wa kutuma ni Ijumaa.

"Wewe unaonaje?" akasema. Maswali tu, mama wa watu.

Jumatatu nikaenda darasani na pai mbili za njugu za pekani, moja kama sinia, moja ya kutosha kiganjani. Nikamweka Zaniyah kiti cha mbele.

"Rudia swali lako la siku ile."

Akanitazama kwa mashaka. "Lipi? Nimeuliza mengi."

Nikamkumbusha. Darasa likabishana nusu saa, na lile ndilo somo bora nimewahi kufundisha. Kamera ilikuwa kabatini.

Ijumaa nikatuma video ileile ya aibu. Nikaandika ukweli: hapa mtoto aliuliza swali kubwa kuliko somo langu, nikamkwepa, na nilimficha mwenyewe kwa makusudi. Nikaeleza na zile pai.

Lamont, mwalimu mwenzangu wa Jumamosi, akaisoma kabla sijatuma. "Dada, umejichimbia kaburi. Angalau umelichimba vizuri."

Desemba majibu yakatoka. Nimepita. Alama yangu ya juu kuliko zote ilikuwa kwenye ile video.

Nikaoka pai nyingine, nikaipeleka kwa Bi Odessa. Akafungua mlango, akanikazia macho muda mrefu.

"Verlene," akasema, "kumbe umezeeka."

"Shikamoo na wewe, Bi Odessa."

"Usinichukie. Wiki iliyopita wamenitoa mtoto wa jicho, macho yote mawili. Mwaka mzima nilikuwa naona ukungu tu."

Nikaweka pai mezani taratibu. "Kwa hiyo siku ile ulipogeuza kiti..."

"Ningekaa nimekiangalia kioo ungeniuliza nimeonaje. Nilikuwa naona aibu kusema sioni."

"Mimi nikajua unanifundisha kusikiliza."

"Mimi nilikuwa naficha macho. Wewe ulikuwa unaficha mtoto. Kata hiyo pai."

Nikaikata, tukala. Ilikuwa kubwa kama ile ya sinia.

Funzo langu ni dogo, ndugu zangu: mtoto unayemsogeza pembeni ili uonekane unajua kazi, huyo ndiye ameishika kazi yako mkononi. Msikilize kabla hajachoka kuuliza.

Siku hizi ni mimi ninayewasaidia walimu siku za Jumamosi. Wakiwasha video nageuza kiti, naipa mgongo. Wageni hunong'ona kwamba huenda nina matatizo ya macho.

Yangu ni mazima kabisa. Nawaacha waamini hivyo.