Siku Tuliyokula kwa Mama Desderia

Katika miaka ya utoto wangu pale Pito, nje kidogo ya mji wa Sumbawanga, nyumba yetu ilikuwa na sheria moja ambayo hata baba hakuthubutu kuivunja: mawingu yakianza kujikusanya, mnyama hafungwi. Sheria ilikuwa ya bibi, mama yake baba, ambaye tuliishi naye. Kioo kifunikwe kwa kanga, sufuria zinazong'aa ziingizwe ndani, nguo nyekundu ivuliwe, na mbuzi na mbwa wafunguliwe kamba. "Mnyama anaisikia radi kabla haijaondoka ilikotoka," alikuwa akisema. "Ukimfunga, umemziba masikio."

Ilikotoka. Watu wa kwetu tukisema radi imepiga hatuishii hapo, tunauliza imetoka kwa nani. Hata leo, ofisini kwangu mjini Sumbawanga, ngurumo ikipasuka karibu, wenzangu waliohamia kutoka Mbeya hucheka wakituona sisi wenyeji tunavyonyamaza. Mimi nami hunyamaza, ila nina sababu yangu.

Tulikuwa na mbwa aliyeitwa Bosi, wa rangi ya udongo, sikio moja limelala. Alikuwa mwizi. Jirani yetu, Mama Desderia, mjane aliyeuza dagaa wa Ziwa Tanganyika, aliwaanika juu ya turubai uani kwake kila dagaa walipopata unyevu, na Bosi hakuweza kupita pale bila kuonja. Binti wa mama huyo, Desderia, alikuwa rafiki yangu; tulikaa dawati moja. Wiki hiyo ninayoisimulia, Bosi alikula karibu nusu ya turubai. Mama Desderia alimkimbiza na mwiko mkononi hadi mpakani mwetu, akasimama akihema, akasema kwa sauti, "Mbwa huyu! Ipo siku atakiona cha moto!"

Nilikuwepo. Nilicheka, naye mwishowe akacheka.

Jumamosi yake, shangazi Kristina akaja kututembelea kutoka Kaoze, kule bondeni. Alikuwa dada mkubwa wa baba, mwanamke wa sauti nene, na aliogopa mbwa kuliko kitu chochote. Alifika na mchele na jogoo aliyefungwa miguu. Bosi alipomwona yule jogoo akaruka, shangazi akapiga yowe, mchele ukamwagika mlangoni.

Mama, aliyekuwa akichambua maharage, akaniambia, "Gaudensia, mpeleke huyo mbwa kwenye banda la mbuzi ufunge mlango. Mgeni ale kwa amani."

Banda la mbuzi lilikuwa nyuma kabisa na komeo lake lilikuwa gumu. Wasichana wenzangu walikuwa wameshaanza kucheza rede barabarani. Nilisikia wakibishana nani arushe mpira kwanza. Basi nikachukua mnyororo ambao baba alifungia baiskeli yake, nikamfunga Bosi kwenye mkaratusi wa mpakani, mrefu kuliko miti yote ya pale. Nilijiambia ni kwa dakika chache tu. Upande wa milimani mbingu ilikuwa imeshakuwa nyeusi. Niliiona. Sitasema leo kwamba sikuiona.

Mvua ilitukuta katikati ya mchezo, matone makubwa ya kuuma. Nilikimbia moja kwa moja hadi jikoni, kibanda chetu cha nje, ambako mama alikuwa akikoleza moto na shangazi amejikunyata pembeni na jogoo wake. Bibi alikuwa akifunika kila kinachong'aa. Akaniuliza bila kugeuka, "Bosi yuko wapi?"

"Bandani, bibi."

"Hukumfunga?"

"Hapana. Nimefunga mlango tu."

Ndipo Bosi akaanza kulia. Hakuwa akibweka, ilikuwa sauti ndefu, ya juu, ambayo sikuwahi kumsikia akiitoa. Bibi akainua kichwa. "Mbona sauti inatoka huku?"

"Ni mbwa wa watu," nikasema.

Nilijua kwamba ningeweza kutoka. Kutoka pale hadi mtini ni mwendo wa kuhesabu mpaka thelathini. Lakini ningetoka ningekuwa nimekiri, na fimbo mbele ya mgeni niliiogopa zaidi. Nilinyanyuka nusu, shangazi akanidaka mkono. "Kaa chini, mtoto! Unataka kutuletea balaa?" Nikakaa. Na nikafurahi, Mungu anisamehe, kwamba kuna mtu aliyenizuia.

Jiko lote likawa jeupe. Mfuniko wa chungu uliruka, ardhi ikatikisika chini ya miguu yetu, na kwa muda sikusikia kitu chochote. Masikio yalipozibuka, mvua ilikuwa bado inanyesha. Sauti ya Bosi haikuwepo.

Mvua ilipopungua nilisema nakwenda kuwaangalia mbuzi. Bosi alikuwa amelala ubavu chini ya mkaratusi, na gome la mti lilikuwa limechanika kutoka juu hadi chini kama nguo. Kulikuwa na harufu ya nywele zilizoungua. Mikono yangu ilifanya kazi kabla sijafikiri: ilifungua mnyororo ikautupa kwenye mahindi. Halafu ndipo nikapiga kelele.

Wote walikuja. Shangazi alisimama mbali, mikono kichwani. "Mbwa ametoka bandani, yuko huru," akasema taratibu, "ana uwanja mzima wa kukimbilia, halafu radi imchague yeye? Hii ina mtu. Mbwa huyu amemkosea nani?"

Hakuna aliyekuwa ameniuliza mimi.

"Mama Desderia," nikasema. "Alisema atakiona cha moto."

Bibi alikuwa amepiga magoti akimpapasa Bosi shingoni, ambako manyoya yalikuwa yameungua kwa duara, kuzunguka pande zote. Alilifuata lile duara kwa kidole. Kisha akanitazama, kwa muda mrefu, nami nikatazama miguu yangu. Alipoinuka alisema neno moja tu. "Mzikeni."

Kesho yake ilikuwa Jumapili. Tulipotoka kanisani maneno yangu yalikuwa yameshatutangulia mtaani. Mchana, tulipokuwa tunajiandaa kula ule wali wa mchele wa shangazi, tulisikia makelele ya watu uani kwa Mama Desderia. Nilitoka nikasimama kwenye uzio. Walikuwa wengi, wengine siwafahamu. Turubai lilikuwa limepinduliwa, dagaa wamekanyagwa matopeni. Mwanamume mmoja alikuwa akieleza kwa nguvu jinsi ng'ombe wake alivyokufa kwa radi miaka miwili iliyopita, na kwamba siku chache kabla yake alikuwa amebishana na mama huyu juu ya bei ya dagaa. "Ahame leo!" watu wakaitikia. "Leo hii!" Kijana mmoja alikuwa ameshika galoni. Sikuona kuna nini ndani yake, lakini niliona jinsi alivyokuwa akizitazama nyasi za lile paa.

Baba alikuwepo. Hakuwa akipiga kelele, lakini alikuwa amesimama pamoja nao.

Mkono mkavu ukanishika kifundo cha mkono. Bibi, bado na kitenge chake cha kanisani. "Twende."

"Wapi, bibi?"

"Kula."

Watu walitupisha kwa sababu ya umri wake. Baba alipotuona rangi ilimbadilika. "Mama, unakwenda wapi? Mama, usiingie humo! Acha huyo mtoto!" Bibi akampita. Alisimama mlangoni pa jiko la jirani yetu akapiga hodi kama siku yoyote.

"Karibuni," sauti ikasema kutoka ndani.

Mama Desderia alikuwa amekaa kwenye kigoda, uso umemvimba kwa kulia. Nyuma yake Desderia alikuwa ameshikilia gauni la mama yake kwa mikono miwili.

"Tuna njaa," bibi akasema. "Umepika?"

Kulikuwa na ugali wa ulezi, umeshapoa, na dagaa wa nyanya. Walikuwa wamepika asubuhi wakashindwa kula. Mama Desderia alijaribu kutunawisha, lakini maji mengi yalimwagika nje ya beseni. Nilitaka kufunga mlango kwa sababu ya yale macho ya nje. Bibi akasema, "Uache wazi."

Akakata tonge, akachovya, akatia mdomoni. Niliona koo lake likikataa. Kisha likakubali. Akanitazama. Nami nikakata langu. Nakumbuka uchungu kidogo wa ulezi, chumvi ya dagaa, na macho ya Desderia yakiwa juu yangu kila nilipotafuna. Sijui kama alikuwa ameshaambiwa maneno yalitoka kwa nani. Nje palikuwa kimya kama pasipo na mtu.

Bibi alikula mpaka sahani ikaisha. Alinawa, akajifuta kwa pindo la kitenge, akaniinamia sikioni. "Mimi yangu nimemaliza," akasema.

Nilielewa. Nilitoka hadi kizingitini nikasimama mbele ya watu wale wote. "Nilimfunga mimi," nikasema. "Bosi. Nilimfunga kwenye mti kwa mnyororo, nikaufungua alipokufa."

Shangazi, aliyekuwa ameshajiunga nao, ndiye aliyekuwa wa kwanza kusema. "Mmeona? Mmeona jamani? Ameshalishwa huyo! Anasema anachotumwa!"

Ngurumo ya sauti ikapanda tena, na yule kijana wa galoni akasogea hatua moja. Nilikuwa nimewaza kila kitu isipokuwa hili, kwamba naweza kusema kweli nikakataliwa. Nilikimbia. Nilipita kati ya miguu ya watu, nikavuka mpaka, nikaingia kwenye mahindi nikapiga magoti matopeni nikipapasa. Sikuuona. Nikarudi mstari wa nyuma, nikapapasa tena huku nalia kwa sauti, mpaka vidole vikagusa chuma.

Nilimpelekea baba. Mnyororo ulikuwa umekuwa mweusi upande mmoja, na kwenye pete zake yalikuwa yamegandia manyoya ya Bosi. Baba aliugeuza-geuza. Tangu jana alikuwa akiuliza nyumbani kote nani kauchukua.

"Ni wa baiskeli yangu," akasema. Halafu akainua sauti. "Mbwa alifungwa na mwanangu. Nendeni nyumbani."

Ilibidi aseme mara mbili. Waliondoka polepole, wengine wakigeuka nyuma, kama watu walionyang'anywa kitu. Baba hakunipiga siku hiyo wala baadaye. Heri angenipiga.

Shangazi aliondoka Jumatatu. Baba alikwenda kwa jirani kuomba radhi, akanunua turubai jipya. Lakini watu waliacha kununua dagaa pale. Hawakusema kitu, waliacha tu. Shuleni Desderia alihamia dawati la mbele. Kabla masika hayajaisha, yeye na mama yake walipakia vitu vyao kwenye lori kwenda Namanyere kwa mjomba wake. Nilisimama barabarani. Hakunitazama.

Miaka mingi baadaye, nilipokuwa chuoni na bibi ameshakuwa mtu wa kuota jua tu, nilimuuliza kama siku ile alijua kwamba Mama Desderia si mchawi.

"Nilijua umemfunga mbwa," akasema. "Niliona shingo yake. Hilo jingine sikulijua. Hata sasa silijui."

"Na ukala?"

"Nilikula ninaogopa. Usiku ule sikulala, nilikuwa nasikiliza tumbo langu. Ila wangemchoma kwa kosa ambalo si lake."

Kabla ya hapo nilikuwa nikiwasimulia wenzangu habari hii kama habari ya bibi ambaye hakubabaishwa na imani za kichawi. Haikuwa hivyo. Aliamini kila neno, aliogopa kila tonge, na bado aliingia. Mimi niliyesoma nasema siamini radi ya kutumwa, lakini sijawahi kufanya jambo lililonigharimu ujasiri wa namna ile. Nililofanya mimi ni kusema sentensi moja, tena ya kweli, maana maneno yale Mama Desderia aliyasema, na kuificha nyingine. Ikatosha kuleta galoni mlangoni pa mtu.

Najua mtaa wanaoishi Desderia na mama yake, nimeelekezwa. Mabasi ya Namanyere huondoka hapa mjini kila siku. Sijapanda hata moja.