Paa Linalokunywa Mvua

Siku Marieta alipoletwa kijiji cha Daudi kuolewa, aliipita nyumba ya wakwe zake bila kuiona. Kwao Nangwa nyumba zilikuwa za bati, zinang'aa toka mbali. Hii ilikuwa tembe, limechimbiwa ubavuni mwa kilima, paa lake udongo ulioota majani, na juu yake mbuzi anakula.

"Nyumba iko wapi?" alimwuliza Gidion, mumewe.

"Umeshaipita," Gidion akacheka.

Alilia kidogo, halafu akazoea. Mama mkwe wake, Philomena, alimfundisha kulea paa: udongo wa kichuguu, mavi ya ng'ombe, majivu, kisha kukanyagakanyaga mpaka kila ufa uzibe. Alipomzaa Loveness ndipo alipolipenda. Masika yalinyesha, mtoto hata hakushtuka. Paa liliinywa mvua kimyakimya, na Marieta akinyonyesha aliona kama kilima chenyewe kimewafunika shuka.

Lakini Gidion naye alikuwa na nyumba yake kichwani. Alifyatua matofali, yakajaa uani. Kuni za kuyachoma hana. Miti inayolinda chemchemi ya kijiji hakuna wa kuigusa, kwa hiyo macho yake yakageukia nguzo za tembe.

"Zimekauka vizuri," alisema. "Zitatosha tanuru zima."

"Utachoma nyumba ili upate nyumba?"

"Ya bati, mama Loveness. Si ndiko ulikotoka?"

Philomena akadakia, "Baba yako alipokata hizo nguzo alipanda ile miti ya chemchemi. Wewe ukichoma, utapanda nini?"

Kesho yake mchana Gidion akamwita jirani yao, Margwe, aje na jembe.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, Margwe. Mmekuja kubomoa?"

"Tumekuja kumtoa huyu mwanao shimoni, mama. Anaishi kama fuko!"

Philomena alikuwa amekaa mlangoni, na hakusogea. "Mtoto amelala. Nyumba haivuliwi paa mtoto yuko usingizini. Subirini aamke."

Wakasubiri. Ndani kulikuwa na kigiza cha ubaridi na harufu ya moshi wa zamani. Kila kope za Loveness zilipocheza, Marieta alimpigapiga mgongoni, polepole, naye akazama tena. Margwe akachoka, akaegemeza jembe mlangoni, akaenda kuangalia ng'ombe wake. Gidion akaingia, akaegemeza mgongo kwenye nguzo, pale palipolainishwa na migongo ya watu wa kwao. "Kidogo tu," alisema. Akalala.

Marieta akawatazama, baba na binti, wanavuta pumzi moja. Akatamani mchana ule usiishe.

Mwanga wa mlangoni ukafifia. Mvua! Akakumbuka matofali. Angeweza kukaa tu, yayeyuke yote, na habari ya tanuru iishie hapo. Lakini alikuwa amemwona Gidion tangu asubuhi ya kwanza ya matofali, miguu kwenye matope, anafyatua huku anapiga mluzi. Akatoka mbio, akavuta turubai, akaweka mawe pembeni. Safu mbili zilikuwa zimeshayeyuka.

Gidion aliamka akamkuta amelowa mpaka kwenye nywele.

"Mvua imenyesha?"

"Imenyesha, imekwisha. Hukuisikia."

Akatoka, akaona turubai. Alirudi mpole.

"Baba Loveness," Marieta akasema, "hili tembe halikuchomwa, na limesimama. Tujenge na haya mabichi. Chini tuweke mawe, ukuta tuukandike udongo. Bati utalipata. Nguzo ziache."

Loveness akafumbua macho, akapiga mwayo. Gidion akamtazama mtoto, akamtazama mama yake pale mlangoni, akatoka. Wakamsikia anapanda juu.

Marieta akamkumbatia mtoto, akangoja pigo la kwanza. Chembe za udongo zikadondoka kwenye majivu ya jiko. Halafu dum, dum, polepole, toka upande mmoja kwenda mwingine. Akachungulia. Jembe lilikuwa bado limeegemea mlangoni. Gidion alikuwa anakanyaga paa, udongo ukiwa bado mbichi.

"Na kwenye kona, Gidion!" Philomena akapaza sauti. "Unakanyaga kama mgeni!"