Mbinya na Kompyuta ya Mlango wa Pili

Mbinya huhariri video za harusi na za mazishi katika chumba kidogo mjini Machakos, na ukimuuliza atakuambia hana wivu na mtu. Muulize tena siku ambayo Carol, jirani wa mlango unaotazamana na wake, ana wateja wamejaa benchi.

Kompyuta ya Mbinya ilikuwa ya zamani. Akiiagiza itoe video, alichemsha chai, akainywa, akaosha kikombe, akaenda sokoni kununua sukuma, na akirudi ingali inavuta miguu. Ya Carol ilimaliza mteja akiwa bado anasimulia habari za kwao. Tena Carol alikuwa amebandika stika mlangoni: Mwenye wivu ajinyonge. Mbinya alijua vizuri sana ni nani aliyeandikiwa.

Yote hayo aliyavumilia, mpaka kwaya ya kanisa lake, kwaya anamoimba sauti ya kwanza, ilipompelekea Carol video yao mpya. Hapo roho ilimuuma. Akamwita fundi Ndambuki.

"Mama Mwende, ngoja tu," Ndambuki alimwambia Mbinya, akimwita kwa jina la mwanawe, kompyuta ikiwa wazi mezani. "Ubongo wa hii kitu ni prosesa, na hii bodi ya kuibeba ni mzee, prosesa mpya haiwezi ingia. Hiyo pesa weka, mwaka ujao uchukue mashine nzima."

"Mwaka ujao kwaya itakuwa imehamia kwake na viti vyao."

"Basi iko moja ya mtumba, ndiyo kubwa kabisa hii bodi inaweza beba. Lakini ukichukua hiyo, mashine mpya uisahau kwanza."

"Weka."

Mambo yakabadilika kweli. Kwaya wakaja kumjaribu kwa wimbo mmoja, ukatoka wakiwa bado wamesimama. Wakamwachia zote. Wiki hiyo Mbinya aliacha mlango wazi makusudi ili Carol aone.

Carol akaona, akavuka na tabasamu lake.

"Dada Mbinya, Ndambuki ameniambia ni wewe ulichukua ile prosesa yangu. Nimefurahi sana. Tangu ninunue mashine mpya ilikuwa inakaa tu kwa droo."

Mbinya akamshukuru, maana ni dada wa kanisani. Carol alipoondoka, aliteleka chai, akaiagiza kompyuta itoe video ya mazishi, akaomba kwa moyo wake wote ichelewe.

Ilimaliza kabla maji hayajachemka.