Nilimwandikia Baba Mukwe «Muzee», Ikafika «Musée»

Admin, nakuomba ufiche jina langu na la bwana yangu, juu hapa Goma watu wanajuana. Niko mwanamuke wa miaka 31, naishi Katoyi, niko na mutoto mumoja wa kike, ana miezi saba. Mimi ni sekretere katika biro, ofisi ya watu wanaopakia vitu kwa mashua za Bukavu. Bwana yangu anatengeneza moteri za mitumbwi kule Kituku. Hanipigi, hanywi pombe. Shida yangu ni neno moja tu, na sikuliandika mimi.

Familia yake ni ya Butembo, wanasema Kinande. Mimi natoka Rutshuru, kwetu tunasema Kinyarwanda. Tangu siku ya posa baba yake hakunipenda. Hakunitukana hata mara moja, aliniita tu «yule». Yule anajua kupika? Yule naye atakuja Noeli? Niliolewa, nikabeba mimba, na bado nilikuwa yule.

Baba mukwe alikuwa mwalimu wa Kifaransa miaka mingi. Sasa masikio yamekufa, kwa simu hasikii kitu, lakini macho bado ni mazima, na anaenda kwa jirani mwenye ordinatere, ile kompyuta, kusoma imeli za watoto wake. Mutoto wetu alipofika miezi mitano, baba mukwe akamwandikia bwana yangu: «Mama ya mutoto aniandikie yeye mwenyewe. Atumie Kiswahili. Kinande hajui, Kinyarwanda mimi sijui, na Kifaransa nimekifundisha mpaka kimenichokesha.»

Bwana yangu alinisomea ile imeli amesimama mulangoni, mikono bado na mafuta ya moteri. Nililia. Mara ya kwanza sikuwa yule, nilikuwa mama ya mutoto.

Niliandikia kwenye biro, juu kule koneksio ni nzuri. Sasa ordinatere ya kule, patron wangu wa kazi aliiweka koreksio ya Kifaransa, kwa sababu wateja wote tunawaandikia Kifaransa na yeye hapendi makosa. Neno lisilojulikana lakini linalofanana na la Kifaransa mashini inalibadilisha yenyewe, hata haikuulizi; mengine inayawekea tu mistari myekundu. Mimi nilikuwa nawaza mutoto, sikuwaza mashini. Niliandika Muzee kila mahali, sawa vile sisi huku tunamwita baba kwa heshima. Nikamwambia mujukuu wake ameota meno mawili, nikamuomba akuje kwa ubatizo. Nikatuma.

Jibu lilikuwa fupi: «Madame, musée ni nyumba ya kutunzia vitu vya watu waliokufa. Mimi bado napumua. Na musée haina mujukuu.»

Sikuelewa. Nikafungua imeli niliyotuma, nikaisoma. Musée wetu mupenzi. Musée, tunakuombea afya. Musée, utakuja lini? Mashini haikujua Muzee, ikatafuta neno la Kifaransa lililo karibu. Na nilimtumia nani? Mwalimu wa Kifaransa. Kwa mawazo yake, nilikaa, nikafikiri, nikatafuta tusi lenye akili.

Bwana yangu alinielewa siku ile. Alimwandikia baba yake: «Papa, ni mashini. Muke wangu hawezi kukutukana. Atakuandikia tena, utaona.»

Mwenzangu wa kontabilité, anayehesabu pesa, akanionyesha pahali pa kuchagua luga. Nikaweka Kiswahili, mistari myekundu ikapotea yote, nikaona imekwisha. Nilikuwa nimeanza tu kuomba musamaha wakati patron aliniita, nikafunga. Niliporudi nikafungua imeli mupya, nikaandika yote haraka haraka, macho yamejaa machozi, nikatuma. Kumbe ile luga niliyochagua ilikuwa ya ile imeli moja tu. Luga ya kawaida, ile mashini inaanza nayo kila ukifungua mupya, ilibaki Kifaransa.

«Musée, nakuomba musamaha kwa kukuita Musée.» Ndivyo ilifika.

Hakujibu tena. Bwana yangu aliposoma akasema: «Mara ya kwanza nilikutetea. Mara ya pili umenifanya mimi muongo mbele ya papa.»

Nikamwambia, «Kuja kwenye biro, nikuonyeshe vile mashini inafanya.»

«Mashini inajua papa yangu wapi? Wacha.»

Tangu siku ile anakula, ananisalimia, anabeba mutoto, lakini kwangu hana maneno. Nikimuelezea anasema sawa. Hiyo sawa yake inanimaliza kuliko matusi.

Patron alipoona vile nimekonda akaniuliza, nikamwambia yote. Hakucheka. Aliingia mwenyewe kwenye mipangilio, akaweka Kiswahili kuwa luga ya kawaida kwa imeli zangu, akasema za wateja nitabadilisha moja moja. Nikajaribu: Muzee ikabaki Muzee. Kazi ya dakika chache tu, na nyumba yangu ilikuwa imeshavunjika katikati.

Imeli ya tatu nimeiandika, iko pale, haijatumwa. Bwana yangu amesema nikiituma nisimuulize kitu tena. Shangazi yake anayeishi Mapendo naye alikuja kuniambia: «Mama, Muzee anasema usipokuja kumuomba musamaha uso kwa uso kabla ya ubatizo, mutoto si wa nyumba yake.» Na barabara ya Butembo wakati huu ni ya hatari, kila mutu wa hapa anajua. Padri ameshanipa siku, mama yangu ameshashona kanzu ya mutoto.

Ninyi wenye mulipita mikononi mwa wakwe wagumu, mumushauri mwenzenu. Nitume ile imeli? Nipande gari na mutoto mugongoni? Ao nimubatize na ninyamaze? Mimi sina nguvu tena. Nimechoka kuomba musamaha kwa neno ambalo sikuandika.