Mgongo ulinitoa kwenye magunia, nikaishia kuamia ndege Namawala

Wakuu, habari za humu. Mimi ni msomaji wa kimya kimya, ila leo nimeona niandike. Haya ni yangu mwenyewe, sikusimuliwa na mtu na chumvi sijaongeza.

Niko Namawala, huku kwetu Ifakara. Mpogoro, baba wa watoto wawili, arobaini nimeshaivuka.

Zamani nilikuwa napakia magunia kwenye mashine ya kukoboa mpunga pale mjini. Nilikuwa na jina, wakuu. Gunia napandisha kwenye lori huku napiga stori.

Siku moja gunia liko begani, mgongo ukalia. Nikakaa chini palepale.

Tangu hapo maumivu yanaanzia kiunoni, yanashuka mguu wa kushoto mpaka kisigino, kama mtu anavuta waya wa moto ndani ya nyama.

Hospitali walinipima, wakanipa dawa na mazoezi. Dada wa physio hakunificha.

"Kaka yangu, yatapungua, ila usisubiri yaishe ndiyo uanze kuishi. Yakija usikaze mwili. Pumua, yasikilize yako wapi, halafu endelea na ulichokuwa unafanya."

Moyoni nikasema huyu ananichezea. Mtu anaumwa unamwambia apumue?

Nikarudi nyumbani kuwa mtu wa kulala na kununa. Mke wangu, Mama Deo, anapandikiza mpunga, anapalilia, akirudi anakuta sura yangu imekunjwa. Stress tupu.

Msimu uliopita mpunga ulipoanza kutia maziwa, ndege wakaingia. Kwa wasiojua, kwelea kwelea wakitua kundi zima, ukienda kunywa maji ukirudi unakuta mabua. Na mtu tuliyempa kazi ya kuwaamia, yaani kuwafukuza, akaondoka bila kuaga.

Nikamwambia mke wangu, "Nitakaa mimi."

Kaka yake alikuwepo. Akacheka mpaka akashika tumbo. "Shemeji, si kazi ya watoto hiyo? Mwanaume mzima kufukuza ndege kwa debe?"

Hilo liliniuma kuliko mgongo. Ila nikaenda.

Tukaweka kichanja kifupi chenye kivuli katikati ya shamba, kamba zenye makopo zikatoka kila upande. Unavuta, makopo yanalia, ndege wanaruka.

Siku za mwanzo nililaani kila kitu. Kukaa kunauma, kusimama kunauma. Na nikiwa nagumia pale, ndege wanatua wala sina habari.

Ndipo nikajaribu yale ya dada wa physio, kwa kukosa jingine. Mguu ukiwaka, natulia, napumua, najiambia haya, sasa yako pajani, sasa yamefika gotini. Halafu narudisha masikio shambani.

Wakuu, sidanganyi, maumivu hayakuisha. Ila yalisogea pembeni, yakaniachia nafasi.

Nikaanza kusikia. Kumbe kwelea kwelea kabla hujawaona, unasikia vumo kama mvua inayokuja kwa mbali.

Nikaanza na kuona. Ukungu unavyoachia milima ya Udzungwa asubuhi. Uji wa moto kwenye chupa. Mguu wangu wa kulia, ambao hauna tatizo lolote na sikuwahi kuushukuru!

Nikamwona na Mama Deo, anavyoinuka kwenye palizi ameshika kiuno. Nikamwita, "Mama Deo, njoo ukae kivulini kidogo."

Akaniangalia. "Leo umeamkaje wewe?" Lakini akaja, tukanywa uji pamoja.

Basi, asubuhi moja nikasikia lile vumo, zito kuliko siku zote. Nikapiga debe, nikapaza sauti kwa majirani, "Wanakuja! Upande wa mtoni!"

Kila shamba makopo yakalia. Kundi likatuzunguka juu, anga likawa jeusi, mguu unawaka mpaka machozi yananitoka, na kamba sikuiachia. Wakazunguka tena, wakapita.

Hawakutua kwetu. Hawakutua kwa jirani hata mmoja.

Wakati wa kupiga mpunga shemeji alikuja kusaidia. Akasimama anatazama lile lundo. Mama Deo akamwambia mbele za watu, "Kulima nililima mimi. Aliyeufikisha hapa ni huyu mume wangu."

Shemeji akakohoa. "Shemeji, msimu ujao na langu uniangalizie."

"Nitaliangalia," nikamwambia. "Ila kichanja ujenge wewe."

Watu walicheka, na mimi nikacheka mpaka mgongo ukanikumbusha upo.

Nilichojifunza: dawa sijaacha, mazoezi sijaacha, na wewe usiache. Ila nilikuwa nangoja nipone ndipo niwe mtu tena. Kumbe utu wangu haukuwa kwenye magunia.

Mnaoishi na maumivu ya muda mrefu, semeni hapo chini mnapitaje. Na wa kucheka acheke tu, nimeshazoea.

Nitajibu taratibu. Leo mgongo umeamka vibaya, naandika nimesimama, nimeegemea ukuta wa chumba kilichojaa mpunga.